KWA NINI WENYE VIWANDA HUNUNUA CHUMA CHA WENZAO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mdahalo wa shule yetu muhula huu msemaji mmoja alisimama akasema kwa sauti kubwa kwamba nchi inayonunua chuma kutoka ng'ambo haistahili kuitwa nchi ya viwanda, na kwamba dawa ya nchi yetu ni moja tu: kufunga mlango wa bandari na kuchimba Liganga. Alipigiwa makofi mengi sana. Kabla upande wa pili haujamaliza kujibu, kengele ya chakula ililia, na sisi wa bweni twajua kwamba hakuna hoja iwezayo kushindana na kengele hiyo. Basi namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu. Jambo lenyewe si la mdahalo tu. Linawahusu wazazi wetu wanaojenga, mafundi wanaofua majiko na makarai, na sisi tunaomaliza mwaka huu, ambao hatuna budi kutafuta la kufanya.

Kwanza yafaa tuulize kama neno hilo ni kweli. Je, nchi zenye viwanda vikubwa hazinunui chuma? Zanunua, tena kwa wingi. Marekani hutengeneza tani zipatazo milioni 80 za chuma kila mwaka, na juu ya hizo hununua mamilioni mengine kutoka Kanada, Brazili, Meksiko, Korea na kwingineko. Kwa miaka mingi imekuwa katika safu ya mbele ya wanunuzi wa dunia. Ujerumani huuza chuma na kununua chuma kwa wakati mmoja, kama mama auzaye samaki Feri kisha akapitia sokoni kununua nyama. Uingereza, ambako viwanda vya namna ya leo vilianzia, mwaka 1970 ilitengeneza zaidi ya tani milioni 25. Mwaka 2024 ilitengeneza tani zipatazo milioni 4 tu. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba Waingereza wameacha kuwa na viwanda, maana bado wanaunda injini za ndege.

Kwa hiyo kununua chuma si alama ya ujinga wala ya umaskini. Hapo ndipo msemaji wetu alipopotea. Alidhani chuma ni kitu kimoja, kama chumvi, kwamba ukiwa nacho unacho na ukikosa umekosa.

Mwenye kutaka kuona kwamba sivyo, na aende Msimbazi. Ashuke kituo cha Fire, afuate Mtaa wa Msimbazi kwa miguu sambamba na mabasi ya mwendokasi mpaka Gerezani, akiingia kidogo katika mitaa ya Kariakoo iliyo kando. Ataona nondo za milimita 10, 12 na 16, zimekunjwa katikati ili ziingie garini. Ataona mabati ya geji 28 na 30, mabomba ya mraba ya kutengenezea madirisha na mageti, misumari ya kupimwa kwa kilo, waya wa kufungia nondo, mapanga, makufuli, sindano za cherehani, na upande wa Gerezani spea za magari za kila namna, mpya na zilizokwisha kutumika. Vyote hivi twaviita chuma, kama vile ugali, uji na vitumbua vyote hutoka katika nafaka. Lakini mpishi wa ugali si lazima ajue kupika vitumbua.

Nondo hutakiwa iwe na nguvu, nayo ikubali kupinda bila kukatika. Bati hutakiwa liwe laini, likunjwe migongo bila kupasuka. Reli hutakiwa iwe ngumu hata magurudumu ya treni yasiimalize upesi. Tofauti yao aghalabu ni vitu vidogo vilivyochanganywa ndani, kwanza kaboni. Katika kilo 100 za chuma laini cha bati, kaboni haifiki hata gramu 100. Katika kilo 100 za reli yafika gramu 700 au 800. Kiasi hicho, ambacho ni chini ya kilo moja katika gunia zima, ndicho kinachotenga karai na reli. Sasa ongeza kromiamu kwa sufuria zisizoshika kutu, na manganizi, na nikeli, na vinginevyo. Utapata aina kwa mamia. Hakuna nchi, hata iwe tajiri namna gani, inayoona faida kuzitengeneza zote. Kila mmoja hushika zile anazoziweza kwa bei nzuri, nyingine hununua kwa jirani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, nayo ni nyepesi kueleweka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nami nilifunguliwa macho na fundi. Likizo iliyopita nilimkuta Gerezani mzee mmoja afuaye makarai na majiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuacha nyundo. Nikamwuliza kwa nini hatumii chuma kinachoyeyushwa hapa hapa Dar es Salaam. Akacheka.

"Mwanangu, nondo ya hapa nzuri, hata nyumba yangu nimeijenga kwa nondo hiyo. Lakini karai halifuliwi kwa nondo. Mimi nataka bati, na bati langu ni hili pipa."

Pipa lenyewe lilikuwa la vilainishi vya mitambo, na ubavuni mwake yalikuwapo maandishi ya nchi ya mbali. Lilikuwa limemaliza kazi yake ya kwanza. Sasa limekatwa, limenyoshwa, linapigwa nyundo liwe karai la kukorogea zege. Basi hata karai ambalo twalihesabu kuwa mali ya Gerezani hasa, bamba lake limetoka ng'ambo.

Kwa nini nondo yatengenezwa hapa na bamba halitengenezwi? Jibu limo katika namna ya kupata chuma chenyewe. Ziko njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuyeyusha vyuma chakavu, yaani skrepa, kwa moto wa umeme. Huko ndiko yanakokwenda mabeseni yaliyotoboka, vitanda vilivyovunjika, injini zilizokufa na mabodi ya daladala, vyote hivyo tuvionavyo vikisukumwa kwa mikokoteni. (Wengine kwa tamaa hupeleka hata alama za barabarani na mifuniko ya mitaro. Huo ni wizi, na msafiri wa usiku ndiye aulipiaye.) Kiwanda cha namna hii chaweza kuwa kidogo kikaishi, maana mali yake ipo mjini tele na nondo inauzika kila siku.

Lakini skrepa haiji safi. Ndani ya mota kuna waya wa shaba, na shaba ikishayeyuka pamoja na chuma haitoki tena. Chuma chenye shaba nyingi hupasuka usoni kinapopitishwa katika rola kikiwa cha moto. Katika nondo, ambayo ni nene na itafunikwa na zege, dosari kidogo yaweza kuvumiliwa. Katika bati jembamba kama ukucha haivumiliki. Ndiyo sababu hata Marekani, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya chuma chake hutoka katika matanuru ya umeme yanayokula skrepa, hununua chuma ghafi cha Brazili ili kuizimua shaba, kama mpishi aongezavyo maji katika mchuzi uliozidi chumvi.

Njia ya pili ni kuyeyusha mawe ya chuma yenyewe kwa makaa. Chuma hutoka safi, lakini tanuru lake ni jitu. Kwa kila tani moja ya chuma, hula tani 1.4 hivi za mawe ya chuma na kilo 800 hivi za makaa ya mawe. Tena si makaa yoyote, ni yale yawezayo kuokwa yakawa magumu bila kuvunjika chini ya uzito. Tanuru moja kubwa hutoa zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Na likishawashwa halizimwi miaka 15 au 20, usiku na mchana, Iddi na Krismasi, maana likipoa chuma huganda tumboni mwake na tanuru huharibika.

Tafakari maana yake, ewe msomaji. Mwenye duka la Msimbazi biashara ikiwa mbaya hufunga mlango akaenda kulala. Mwenye tanuru hawezi. Watu wa nchini mwake wanunue wasinunue, chuma kinatoka. Basi humtafuta mnunuzi popote, hata kwa bei ya chini. Mwaka 2024 China ilitengeneza zaidi ya tani milioni 1,000 za chuma, yaani zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia, na katika hizo iliuza nje zaidi ya tani milioni 110. Mzigo kama huo ukiwa baharini, bei hushuka kila mahali. Kiwanda cha magari au cha makopo kikiletewa bamba zuri kwa bei ndogo, kitakataa kwa sababu gani? Nchi zenye viwanda hununua chuma kwa sababu ni nchi zenye viwanda: zina mashine nyingi zinazongoja bamba asubuhi.

Jambo hili wenye matanuru hawalipendi, na kelele zao husikika. Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma cha nje mwaka 2018, na mwezi Juni 2025 ikaupandisha mpaka asilimia 50. Wafanya kazi wa matanuru walifurahi. Lakini watu wanaotumia chuma, waunda matrekta, wajenzi, watengeneza makopo ya chakula, ni wengi kuliko wanaokiyeyusha, na hao ndio waliolipa.

Sasa tuje Liganga, ambako mwenzetu alipigiwa makofi. Mimi pia ningependa kuona moshi wa tanuru katika wilaya ya Ludewa. Lakini tuseme kweli juu ya mawe. Kuwa na mawe ya chuma na kuwa na chuma ni mambo mawili. Tazama Japani: mawe yake hununua karibu yote Australia na Brazili, na makaa mengi Australia vilevile, lakini hutengeneza zaidi ya tani milioni 80 za chuma kwa mwaka na kuwauzia wengine. Tazama Australia yenyewe, ambayo husafirisha mawe ya chuma tani zipatazo milioni 900 kwa mwaka: chuma inachotengeneza ni tani milioni 5 hivi. Mwenye mawe ananunua chuma, asiye na mawe anauza. Kama mawe ndiyo yangekuwa kipimo, dunia ingekuwa kinyume cha ilivyo.

Mawe ya Liganga yanakadiriwa kuwa tani milioni 126, na makaa ya Mchuchuma, jirani yake, tani milioni 428. Habari zake zajulikana tangu enzi za Wajerumani. Mwezi Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, wa dola zipatazo bilioni 3, kwa ajili ya machimbo, umeme na kiwanda cha chuma. Wananchi walianza kulipwa fidia ya mashamba yao mwaka 2023. Katikati hapo ni miaka 12, na katika miaka hiyo yote halikuwashwa tanuru hata moja. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mkataba ulipoandikwa alikwisha kumaliza sekondari.

Wengi hulaumu uvivu au maneno ya wakubwa. Mimi sijui mambo ya wakubwa, lakini jiografia na kemia ya kidato cha nne zatosha kuonyesha ugumu wake. Kwanza, mawe ya Liganga si chuma peke yake; yamechanganyika na titani na vanadi. Hizo ni mali, hasa vanadi, ambayo hutia chuma nguvu. Lakini titani ikiwa nyingi hufanya takataka iliyoyeyuka iwe nzito kama uji ulioungua, isitiririke, tanuru la kawaida likazibika. Wako waliokwisha kushinda tabu hiyo. Huko Panzhihua, katika jimbo la Sichuan, wanayeyusha mawe ya jamii hiyo tangu 1970. Afrika Kusini nayo ilikuwa na kiwanda cha Highveld kilichoyeyusha mawe kama hayo kwa njia nyingine miaka mingi. Mwaka 2015 kilifilisika, bei ya chuma cha nje ilipokuwa chini. Kwa hiyo yawezekana, lakini si kazi ya kwenda nayo kwa makofi.

Pili, Ludewa ni mbali na Msimbazi. Reli iliyo karibu ni ya TAZARA, nayo hupita Makambako. Kutoka machimboni mpaka hapo ni milima. Melini mzigo mzito husafiri kwa bei nafuu kuliko njia yoyote ya nchi kavu. Ndiyo maana bamba lililotoka Asia, likavuka bahari nzima, laweza kufika Gerezani kwa bei ambayo bamba la Ludewa lingepata shida kuifikia. Hili si jambo la kupenda au kutopenda nchi. Ni hesabu ya tani na kilomita.

Nimesikia tena wakisema kwamba kununua chuma ni tabia ya kikoloni, kwamba wazee wetu walijitosheleza. Nusu yake ni kweli, nayo ni ya kujivunia. Wazee wa Kihaya walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, na katika miaka ya 1970 wazee waliobaki wakijua kazi waliwajengea wataalamu wa ng'ambo tanuru, watu wakastaajabu jinsi lilivyokuwa na moto mkali. Wafipa walijenga matanuru marefu kupita urefu wa mtu, yakivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Na mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha pwani ya Malindi na Sofala kilinunuliwa na Wahindi, wakakifua wakakifanya panga. Yaani zamani zile sisi ndio tuliokuwa tukiuza chuma ghafi, na India, nchi yenye ufundi mkubwa wa chuma wakati huo, ndiyo iliyokuwa ikinunua! Swali la kichwa cha habari hii lina umri wa karibu miaka 900.

Nusu nyingine ni hii. Matanuru ya Ufipa yalizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sababu kubwa ilikuwa jembe la kiwandani kutoka ng'ambo lililouzwa rahisi. Mkulima alipima: jembe moja la kienyeji ni siku za kazi na miti mingi ya makaa, la dukani ni fedha kidogo. Akanunua. Sithubutu kumlaumu. Lakini alipoacha kununua, hakuna aliyebaki kumfundisha mwanawe kazi ya tanuru, na hapo tulipoteza kitu kikubwa kuliko jembe.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka wasomaji waitazame: kununua huku unajua kutengeneza, na kununua kwa kuwa hujui. Marekani yenyewe katika karne ya 19 ilijenga reli zake nyingi kwa chuma cha Waingereza. Haikungoja. Treni zilipita, na huku mafundi wakijifunza, hata ilipofika karibu mwaka 1890 Marekani ikawapita Waingereza kwa wingi wa chuma. (Ni kweli waliweka na ushuru mkubwa, msemaji wetu angeweza kunikamata hapo. Lakini ushuru ule ulikuta matanuru yanawaka na watu wa kuyachochea wapo.) Sisi nasi tumejenga reli tatu kubwa kwa chuma cha wengine: Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na reli ya kisasa, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 na kuanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Reli kununuliwa si ubaya. Swali ni baada ya kila reli tulibaki na mafundi wangapi wa kuyeyusha.

Na hao wanaonunua kwa hiari, wanaijua hatari ya kuisahau kazi. Mwezi Septemba 2024 tanuru la mwisho la Port Talbot, huko Wales, lilizimwa. Uingereza ikabakiwa na matanuru ya Scunthorpe peke yake yanayoyeyusha mawe, na mwenye nayo, kampuni ya Kichina, alitaka kuyafunga. Tarehe 12 Aprili 2025, siku ya Jumamosi, Bunge liliitwa kutoka likizo likapitisha sheria siku hiyo hiyo ili serikali iyashike matanuru yasipoe. Nchi hiyo hununua chuma kila siku wala haioni haya. Ilichokiogopa ni kufika siku ambayo haina njia nyingine ila kununua.

Sasa nitoe maoni yangu ya ushuru, maana najua wazazi wengine wana maduka na hawatakubaliana nami. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la ushuru la asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kutengenezwa kwa wingi humu kwetu, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo. Juu ya nondo na misumari siugombani nao. Tunavijua, viwanda vipo, skrepa ipo. Lakini bamba ambalo hatuna tanuru la kulitoa lisiguswe na ushuru mzito kwa jina la kulinda viwanda. Mafundi wa Gerezani nao ni kiwanda, ingawa hawana ukuta wala geti. Bamba likipanda bei, jiko la mkaa hupanda, karai hupanda, geti la mjane hupanda, na kwa upande wa Ludewa hakuna jiwe hata moja litakalokuwa limeyeyuka kwa sababu hiyo.

La pili ni skrepa. Mokotaji hulipwa kwa kilo, na mzani hauulizi kama ndani ya chuma kuna shaba. Kama wanunuzi wangetangaza bei mbili, moja ya chuma kilichochambuliwa na moja ya chuma cha mchanganyiko, vijana wangechambua wenyewe barazani, maana shaba pia inauzika. Tungepata chuma safi zaidi cha kuanzia, bila kungoja bilioni 3 za dola.

La tatu ni la kwetu sisi wanafunzi. Vyuo vya ufundi hufundisha kuunga vyuma kwa umeme, jambo lililo jema, lakini kuunga si kuyeyusha. Mkataba wowote utakaoandikwa juu ya Liganga, ningependa kuona ndani yake, kabla ya hesabu ya tani, hesabu ya vijana watakaopelekwa Panzhihua au kwingine penye mawe ya namna hiyo, wakae kando ya tanuru miaka 3 au 4 mpaka waweze kutambua kwa rangi ya moto kwamba chuma kimeiva. Mimi jina langu naliandikisha leo.